Santuri ya Mbrazili na Kalamu Yangu Nyekundu

Makambako, Jumapili jioni

Mwanangu Kastori,

Umetoka kwenda kumuaga Mzee Athumani, na najua hurudi sasa hivi. Yule akishakukalisha kuna chai, kuna wali, halafu kuna zile hadithi za lori lake na barabara ya Tunduma alizokusimulia tangu hujang'oa meno ya utoto. Kwa hiyo nina saa zangu mbili. Nimekaa pale ninaposahihishia madaftari, kalamu mkononi, na sijui nianzie wapi. Mwalimu mzima, miaka ishirini na sita ubaoni, barua ya mtoto wangu mwenyewe inanishinda!

Blanketi, kandambili, cheti cha kuzaliwa, dawa ya malaria, hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata kuku wamesikia." Haya, siyarudii. Kuna jambo moja tu ambalo sijawahi kukuambia, na nakuogopa nalo. Ndiyo, nakuogopa wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni kwenye baridi ya Njombe huku napandisha kilima na beseni la njegere kichwani.

Jambo lenyewe ni ile santuri ya baba yako. Ile ya Mbrazili.

Najua hapo umeacha kusoma kidogo. Katika nyumba hii hatujaitaja mimi na wewe kwa miaka kumi na moja. Tumetaja kifo, tumetaja kaburi, tumetaja hata siku nilipokupiga ukiwa huna kosa. Hiyo santuri hapana. Tumeizunguka kila siku tukijifanya hatuioni.

Ulikuwa na miaka mitatu ilipoingia nyumbani, kwa hiyo nikuanzie huko. Pale misheni, karibu na Njombe, alikuwapo Bruda mmoja wa kizungu aliyesimamia karakana. Redio yao kubwa ikaharibika, mafundi wawili wakashindwa, akaitwa baba yako. Alikaa nayo siku tatu, ikaimba. Bruda alikuwa amekwisha pata uhamisho, anagawa vitu vyake, akampa baba yako gramafoni bovu na santuri moja, akacheka akasema ile santuri hata akiibiwa hatalalamika. Baba yako hakumuuliza kwa nini. Alikuja nayo ameikumbatia kifuani, ndani ya koti, eti isipate ukungu.

Gramafoni alilifufua kwa viungo vya redio tatu zilizokufa. Jina la mwanamuziki lilikuwa limeandikwa kwenye jalada kwa herufi za dhahabu, lakini mimi na baba yako hatukukubaliana hata siku moja linatamkwaje, tukaishia kumwita Mbrazili. Unaikumbuka picha yake: suti nyeupe, vifungo vya shati wazi mpaka tumboni, nywele zimesimama, kakaa mbele ya kinanda anatabasamu. Baba yako alisema anafanana na mjomba wako Longino akitoka kupalilia mahindi. Tulicheka siku hiyo, Kastori. Nataka ujue kwamba siku hiyo nilicheka na mimi.

Ulikuwa muziki wa disko, wa miaka ile ya nyuma. Ngoma moja inapiga bila kuchoka, dum, dum, dum, dum, besi inatembea chini yake, halafu kinanda kinaingia kwa furaha ya ajabu, kama mtu aliyechelewa harusini na hajali. Kisha wanawake wanaimba, na wala si maneno, ni sauti tu. Baba yako aliipenda mpaka ikawa aibu. Kila Jumapili tukitoka misa, kabla hata sijavua viatu, alikwisha fungua dirisha, kaweka santuri, kaweka na sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke. Sehemu moja iliruka tu, hata ungeweka tofali. Katikati ya ule wimbo wa pili, wale wanawake wakianza kupanda, sindano inachupa, wimbo unakatika, unaanzia mbele. Baba yako akaifanya hiyo ndiyo mtindo. Ikifika pale, anaruka. Na wewe ukajifunza. Mnacheza mmeshikana mikono, mnasubiri, inafika, mnaruka pamoja, hop! Majirani walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani.

Ndani ya jalada kulikuwa na kipande cha gazeti, kimekatwa kwa mkasi, cha Kiingereza. Bruda alikisahau humo au alikiacha makusudi, sijui. Baba yako aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye vipuri. Aliona jina la mtu wake, aliona picha ileile, akaamua kwamba gazeti zima la Ulaya limemsifu Mbrazili wake. Akakitia kipande kile ndani ya nailoni. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. "Unaona? Wameandika. Huyu si mtu wa mchezo."

Mimi nilikisoma siku ileile ya kwanza, yeye akiwa nje ananawa.

Mwandishi hakuwa amemsifu, mwanangu. Alikuwa amemchinja. Aliandika kwamba mtu huyu zamani alipiga muziki mzito wa kuheshimika, sasa ameutupa akakimbilia disko kutafuta makofi ya walevi. Aliandika kwamba vinanda vyake vina sukari ya kuozesha meno. Aliandika kwamba hao wanawake wanaimba bila maneno kwa sababu hapakuwa na la kusema. Na mwishoni aliwashauri wasomaji wamhurumie, wasimnunue.

Nikakirudisha mahali pake, nikanyamaza. Nikajiona nina busara. Baba yako ananijia na maji yakimtiririka usoni, "Umesoma, Mwalimu? Wanasemaje?" Nikamjibu, "Wameandika mengi." Miaka minne nilimwacha aonyeshe watu kile kipande.

Halafu ikaja ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Wewe ulikuwa mdogo, kwako ruksa ni mitumba na biskuti za rangi. Kwa baba yako ruksa ilikuwa redio za plastiki zilizoshuka kwenye malori kila wiki, zina kaseti, zina taa nyekundu na kijani, na zikiharibika mtu haleti kwa fundi, anatupa, ananunua nyingine. Wateja walipungua mmoja mmoja. Nilikuwa nikipita stendi na madaftari yangu namwona kibandani kakaa na pasi ya kulehemu imepoa, anasoma tena maandishi ya nyuma ya jalada ambayo hawezi kuyasoma. Nyumba ikawa inasimama kwa chaki yangu. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuliona hilo kama msiba wake. Niliona kama ni uvivu. Jumapili akifungua dirisha na kuanza kucheza, nilikuwa jikoni namenya viazi na roho inanichemka kuliko maji. Mtu kazi hana, anarukaruka nini? Nilianza kumjibu kwa mkato. Nilianza kufunga mlango wa jikoni kwa kishindo ngoma ikianza. Yeye alikuwa anapunguza sauti kidogo, basi, anaendelea.

Sasa nakuja kwenye ile Jumapili. Ulikuwa na miaka saba, na sijui unaikumbuka kiasi gani. Mimi naikumbuka yote.

Mwalimu mkuu mpya alikuwa amehamia shuleni kwetu, mtu wa chuo, na mkewe mtu wa Dar es Salaam. Nikawaalika chakula. Nilifua mapazia, nilichinja yule jogoo mwekundu. Mzee Athumani naye alikuja, kama kawaida yake, bila kualikwa, ana mkungu wa ndizi begani. Nilitaka wale wageni waone kwamba humu ndani yumo mtu aliyesoma. Tumekula vizuri, tunazungumza mambo ya mitaala, mara baba yako kanyanyuka. Kaweka santuri. Kaja na kile kipande kwenye nailoni, kampa mke wa mwalimu mkuu kwa mikono miwili.

"Mama, wewe Kiingereza unakijua. Hebu soma uone walivyomwandika huyu bwana."

Yule mama akasoma mistari michache. Akanyanyua macho, akaniangalia mimi, akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Lile tabasamu, Kastori! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilijiona mke wa mjinga. Nikanyoosha mkono nikakichukua kile kipande, nikasema, "Baba Kastori, ngoja leo nikutafsirie."

Na nikatafsiri. Kwa sauti ya darasani. Sentensi moja, natua, naangalia watu, sentensi nyingine. Makofi ya walevi. Sukari ya kuozesha meno. Sikuruka neno. Baba yako alisimama mbele yangu mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto wangu wakiitwa mbele, na tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilikuwa linapungua polepole kadiri ninavyosoma. Nilipotua akaniuliza kwa upole, "Na mwisho wake je?"

Ningeweza kumdanganya. Jamani, sentensi moja tu ya uongo! Ningesema mwishoni anasema hata hivyo kinanda kinapendeza. Nani angenibisha? Nikamsomea mwisho ulivyo.

Mzee Athumani ndiye aliyesema wa kwanza. "Wallahi, Mwalimu, huyo mwandishi ndiyo hivyo, alilipwa kusikiliza. Sisi tumesikiliza kwa kupenda. Mtu wa kulipwa atafurahi vipi?" Mwalimu mkuu akacheka kidogo, akaikatiza kwa kikohozi. Mkewe akaangalia sahani.

Muziki ulikuwa unaendelea wakati wote huo. Wimbo wa pili. Na wewe ulikuwa umesimama katikati ya sebule, mguu mmoja juu, umenyoosha mikono kwa baba yako, unamsubiri. Wanawake wakaanza kupanda. Sindano ikachupa. Ukaruka peke yako.

Baba yako alizima gramafoni. Akakikunja kile kipande, akakirudisha kwenye nailoni taratibu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema, "Kumbe," kisha akaniuliza, macho yake kwenye nailoni, "Mwalimu, miaka yote hii ulikuwa unajua?"

Hilo ndilo lililomkata maini, na mimi sikulielewa mpaka baadaye sana. Maneno ya yule mwandishi yalimpita. Mzungu mmoja huko hakupenda, na asipende. Kilichomuumiza ni kwamba mkewe alikaa naye chumba kimoja miaka minne, akimwona anaonyesha watu tusi akidhani ni sifa, akanyamaza, akalitunza mpaka siku alipolihitaji.

Tangu hapo dirisha la Jumapili halikufunguliwa tena. Alisikiliza nikiwa sipo. Nikirudi shuleni nafika ukutani nasikia dum, dum, kwa mbali, nikigusa komeo, kimya. Naingia nawakuta mmekaa, yeye na bisibisi, wewe na daftari, mnaniamkia kwa heshima. Wewe na baba yako mlikuwa mnanificha furaha. Nilijua, na sikuwa na ujasiri wa kusema washeni basi, na mimi nisikie. Kila siku nilijiambia kesho.

Homa ya mapafu ilimchukua kwa wiki mbili tu, ule mwezi wa saba wenye ukungu usioondoka mpaka mchana. Siku tatu kabla hajafariki, aliniomba, "Mwalimu, niwashie kidogo." Nikamwambia katekista anakuja na wanajumuiya kumwombea, haitakuwa picha nzuri. Akasema haya. Nikatoka kwenda kuchota maji. Niliporudi nilisikia kitu chumbani, nikasimama nje ya mlango na ndoo. Ulikuwa unamwimbia. Huna maneno, maana wimbo wenyewe haukuwa na maneno, unafanya na ngoma kwa mdomo, unafanya na kinanda, unafanya na wale wanawake kwa kasauti kako kembamba. Na yeye anagonga ubao wa kitanda kwa kidole. Ulipofika pale pa sindano, ulichupa. Ulichupa kwa sauti, vilevile, ukaanzia mbele kama santuri yenyewe. Nikamsikia anacheka, na kile kifua chake. Kisha nikasukuma mlango, ukanyamaza. Uliniangalia kama mwizi aliyekamatwa. Mtoto wa miaka tisa anamwimbia baba yake anayekufa, mama anaingia, mtoto anaogopa. Hilo nimeishi nalo, Kastori, na sijalizoea.

Ungedhani yameishia hapo. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Makoti, viatu, sanduku la vifaa vya ufundi. Gramafoni akapewa baba yako mdogo. Shangazi yako Anjelina wa Matembwe akanyanyua santuri, akaniuliza mbele ya watu wote, "Wifi, na hii je? Unabaki nayo?"

Katekista alikuwapo. Walimu wenzangu walikuwapo. Yule mke wa mwalimu mkuu alikaa pembeni yangu kabisa, amenishika mkono. Mimi nimefungwa kitambaa cheupe kichwani, udongo wa kaburi haujakauka, niseme naitaka santuri ya disko? Niliona wanavyonitazama, au nilidhani naona. Nikasema, "Chukua tu, wifi. Haina maana hiyo."

Wewe ukanivuta kitenge. "Mama, ile ya baba. Ile tunayoruka." Nikakufinya. Nilikufinya chini ya kitenge ili watu wasione, nikakuambia nyamaza. Ulilia, watu wakasema maskini mtoto anamlilia baba yake. Tulijua mimi na wewe unalilia nini.

Wiki moja baadaye ndipo nilipofua koti lake la kazini ambalo hakuna aliyelitaka kwa madoa ya risasi ya kulehemia. Mfukoni nikakuta ile nailoni. Kipande cha gazeti kimo ndani. Alikuwa amekifungua wakati fulani, sijui lini, na alikuwa amechukua kalamu yangu nyekundu bila kuniomba. Alikuwa ameisahihisha ile makala, mwanangu. Kila aya ameitia mkasi, zile alama za kosa ninazotia mimi kwenye hesabu. Na chini kabisa, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto, kaandika: Hakusikiliza mpaka mwisho. 2/10.

Nilicheka. Mjane wa wiki tatu, nimekaa kwenye karo la kufulia nacheka peke yangu na koti lililolowa mapajani, mpaka mama wa jirani akaja mbio akidhani nimerukwa na akili. Halafu kilio kilichonishika hapo, sikukilia msibani. Nilikuwa naona zile alama mbili alizompa. Mbili za nini? Baba yako hakuwa mtu wa kumpa mtu sifuri. Mimi nimewapa watoto wa watu sifuri wasio na idadi.

Basi barua yako ya chuo ilipokuja, nikasema nitakwenda Matembwe niifuate santuri, nikukabidhi kabla hujasafiri. Ile siku niliyokuambia nina semina Njombe hapakuwa na semina. Nilipanda gari la kubeba mbao la kwenda Lupembe, linalopita Matembwe, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi yako alinipokea vizuri, "Kamwene, wifi, umekumbuka njia leo!" Akanikalisha, akaingia ndani, akanitolea karanga za kukaanga.

Karanga zilikuwa kwenye bakuli jeusi. Kingo zake zimejikunja mawimbi mawimbi, kama ua. Sikulitilia maanani. Nimekula karanga zile, tumezungumza kuhusu wewe, nimeendelea kula, mpaka chini ya karanga ikaanza kuonekana karatasi nyekundu ya duara, na herufi za dhahabu, na katikati kitundu.

Shangazi yako akaona ninavyokodoa macho, akaniambia bila ubaya wowote kwamba miaka ile walikuja akina mama wa maendeleo kuwafundisha mapambo ya nyumba. Santuri ukiichovya kwenye maji yanayotokota inalegea kama chapati, unaibandika juu ya sufuria, ikipoa ni bakuli. Walitengeneza nyingi kijijini. Hiyo ya kwake ndiyo pekee iliyobaki, na wageni wote huisifia. "Kuna nini, wifi? Mbona umebadilika rangi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na alinisikiliza mikono kichwani. Mwisho akasema, "Lakini wifi, si ulisema haina maana?" Na kweli nilisema.

Akalimwaga lile bakuli, akalifuta kwa upande wa kanga, akanipa. Nimerudi nalo nimelipakata garini, juu ya magogo ya watu. Nilipofika nililiweka mwangani. Mistari ya nyimbo bado ipo, imezunguka yote, imepinda tu, hakuna sindano itakayopita humo tena. Nilikwenda na kwenye kibanda cha kaseti pale stendi, nikamwimbia yule kijana kidogo, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, tunazo za Kongo." Nikamwambia asante.

Bakuli nimeliweka chini ya sanduku lako, limefungwa ndani ya shuka la bluu. Kipande cha gazeti sikupi. Hicho kinakaa kwenye kitabu changu cha sala, na kitabaki hapo.

Unakwenda kuwa mwalimu, Kastori. Watakukabidhi kalamu nyekundu na watakufundisha kuitumia, na utaitumia. Mtoto akikuandikia saba mara nane ni hamsini na nne, mtie mkasi bila huruma. Ninachoogopa ni ile kalamu kutoka nayo darasani. Mimi nilitoka nayo. Nilirudi nayo nyumbani, nikaingia nayo chumbani kwangu, nikamsahihishia mtu kitu ambacho hakikuwa mtihani. Yule mwandishi wa Ulaya simlaumu sana, huenda alisema kweli kwa masikio yake, na muziki anaujua kuliko mimi. Hakuwa mke wa mtu humu ndani. Hakuiona miguu ya baba yako.

Sasa nikuombe. Haya yote nimeyaandika ili nifike hapa.

Mimi nilikuwa nasikiliza, unajua? Miaka ile yote jikoni, kwa hasira zangu, masikio yalikuwa wazi. Siku hizi nikiosha vyombo naujaribu ule wimbo wa pili. Ngoma ninayo. Kinanda ninacho, angalau mwanzo. Nikifika kwa wale wanawake napotea, kila siku napotea palepale, na hakuna tena santuri ya kwenda kuangalia. Ila wewe unao. Nimekusikia. Ukipasua kuni nyuma ya nyumba unauimba wote, mpaka leo, kijana wa miaka ishirini, na nikitokea mlangoni unanyamaza, unaniuliza, "Shikamoo mama, unataka kuni?" Miaka kumi na moja unaninyamazia. Sina kinyongo, nilikufundisha mwenyewe. Ila kesho unaupeleka chuoni Mtwara, na humu ndani hautabaki hata kidogo.

Kesho stesheni treni yako ya Dar es Salaam itachelewa, haijawahi kuja kwa saa yake. Tutakaa kwenye lile benchi la saruji. Watu watakuwapo, na walimu wenzangu watakuja kukuaga, na katekista amesema atakuja. Waache waje. Niimbie mbele yao, mwanangu, kwa sauti, tangu ngoma mpaka mwisho. Na ukifika pale sindano ilipokuwa inachupa, usiparekebishe. Nishike mkono, turuke.

Mama yako